Hita ya maji ya gesi: namna ya kuifanyia sevisi na kubadilisha vipuri vyake

Mwongozo huu unahusu hita ile ya ukutani isiyo na tangi. Unafungua maji ya moto bafuni, inatoa cheche, moto unawaka ndani yake na maji yanapata joto yakiwa njiani. Inatumia gesi ya mtungi na betri 2 kubwa za tochi, haitegemei umeme wa nyumba, na kwa sababu hiyo imependwa Arusha, Njombe, Mbeya, Nairobi na Limuru, kote ambako maji ya tangi asubuhi hayaogeki.

Elewa jambo moja kabla hujashika bisibisi. Hita hii ina pande mbili. Upande wa maji una chujio, mpira wa dayaframu, oringi (pete ndogo za mpira) na mabomba ya shaba, na mwenye nyumba mwenye subira anaweza kuufungua na kuufunga vizuri. Upande wa gesi una valvu ya gesi, solenoidi, nozeli (vitundu vya kutolea gesi) na zile skrubu zilizopakwa rangi kiwandani. Huo ni wa fundi wa gesi mwenye vipimo vyake. Habari njema ni kwamba hita nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa zina ubovu upande wa maji au kwenye betri, na kipuri chenyewe ni cha bei ndogo.

Kwanza, hita imefungwa wapi?

Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika hutumia moto wa karibu kilowati 12, sawa na mafiga manne makubwa ya jiko la gesi yakiwaka kwa pamoja. Moto huo unakula hewa ya chumba. Hewa ikipungua, gesi haiungui yote na inatoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu akiwa bafuni, mlango umefungwa na dirisha dogo limezibwa kwa sababu ya baridi, kichwa kinaanza kuuma, anaona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, halafu anaanguka kabla hajaufikia mlango.

Kwa hiyo hita iliyofungwa ndani ya bafu au chumba cha kulala usiifanyie sevisi. Ihamishe. Ifungwe nje chini ya paa, mahali ambapo mvua na upepo mkali havifiki, au chumba chenye hewa ya kutosha na bomba la moshi linalotoka hadi nje kabisa. Bomba linaloishia darini halijatoka nje. Zinazoruhusiwa ndani ya bafu au chumba cha kulala ni zile tu zilizozibwa kabisa, zinazovuta hewa yake kutoka nje na kurudisha moshi nje kwa bomba la tabaka mbili, tena zikiwa zimefungwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Ukihisi dalili nilizotaja huku hita ikiwaka, toka nje, funga gesi, nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba ulikuwa karibu na hita ya gesi, maana bila kuambiwa wanaweza kukutibu malaria.

Mlolongo wa kuwaka

Ukiujua mlolongo huu, utatambua ubovu kwa kusikiliza tu. Maji yakianza kupita kwenye valvu ya maji, shinikizo la upande mmoja wa dayaframu linakuwa kubwa kuliko la upande wa pili. Mpira unasogea na kusukuma pini. Pini hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inafungua njia ya kwanza ya gesi na kuigusa swichi ndogo iliyo pembeni. Swichi inakiamsha kiboksi cha cheche, nacho kinatoa cheche na kuifungua solenoidi, yaani mlango wa pili wa gesi. Moto ukishika, elektrodi ya pili, kijiti cha chuma kilichosimama penye moto, inauhisi na kukiambia kiboksi kwamba mambo ni sawa. Isipouhisi ndani ya sekunde chache, solenoidi inafunga gesi. Ukifunga maji, mpira unarudi, pini inarudi, moto unazima.

Zana na kuzima

Andaa bisibisi ya nyota, spana malaya, mswaki wa zamani, msasa laini, beseni, vitambaa, tepu nyeupe ya bomba, grisi ya silikoni na chupa ya maji ya sabuni. Usitumie grisi ya gari kwenye mpira, huulainisha na kuuvimbisha.

Funga gesi kwenye mtungi, si kwenye hita peke yake. Funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Fungua bomba la maji ya moto la chini kabisa ili shinikizo litoke, kisha toa betri. Kama hita ilikuwa inawaka, isubiri ipoe, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye shaba yanaweza kukuunguza.

Soma dalili kabla ya kufungua

Maji yanapita lakini hakuna hata cheche. Anza na betri, uweke mpya za alkali zote mbili kwa pamoja, na ukwangue kutu ya kijani kwenye vibati vya boksi la betri. Bado kimya? Angalia nguvu ya maji. Kila mita 1 ya urefu wa maji hutoa shinikizo la karibu bari 0.1, na hita nyingi zinahitaji bari 0.2 hadi 0.25 ndipo ziamke. Hiyo ina maana tangi liwe juu ya hita kwa mita 2 hadi 2.5 angalau, na zaidi kama mabomba ni membamba au yana kona nyingi. Wengi wamenunua dayaframu mpya wakati tatizo ni tangi lililowekwa chini mno. Hapo dawa ni mnara mrefu zaidi au pampu ndogo ya kuongeza nguvu. Nguvu ya maji ikiwa nzuri na cheche hakuna, mtuhumiwa ni chujio, dayaframu au swichi ndogo, kwa utaratibu huo.

Cheche zinasikika lakini moto hauwaki. Pengine mtungi umekwisha, au umebadilishwa karibuni na mpira una hewa. Fungua na kufunga maji mara kadhaa, ukisubiri kidogo katikati, hadi gesi ifike. Kama gesi ipo na jiko linawaka kwa mtungi huohuo, betri zinaweza kuwa na nguvu ya kutoa cheche lakini si ya kuivuta solenoidi. Kwa betri nzuri utasikia kimlio kimoja kikavu cha solenoidi cheche zinapoanza. Kisiposikika, mwite fundi.

Moto unawaka kisha unazima ndani ya sekunde chache. Karibu kila mara ni elektrodi ya kuhisi moto: ina masizi, imepinda ikawa nje ya moto, au waya wake umelegea.

Inazima baada ya dakika 20 na kuwaka tena ukifunga na kufungua maji. Huo si ubovu. Hita nyingi zimewekewa saa ya usalama ya dakika 20.

Inawaka kwa mshindo. Hili usilivumilie hata siku moja. Gesi inakusanyika kabla cheche haijaishika, ama kwa betri dhaifu, ama elektrodi chafu, ama kichomeo (pale gesi inapoungulia) kilichoziba. Acha kuitumia hadi uirekebishe.

Maji ni vuguvugu. Kabla ya yote, tazama kishikio chenye picha ya jua na ya theluji. Kikiwa kwenye jua, yaani majira ya joto, sehemu ya vichomeo tu ndiyo inayowaka. Kishikio cha maji nacho, ukikipeleka upande wa joto, kinapunguza mtiririko ili maji yakae motoni muda mrefu zaidi.

Chujio

Fungua nati ya bomba la maji baridi chini ya hita. Ndani ya mlango wake kuna kiwavu kidogo cha plastiki au chuma. Kitoe kwa plaizi taratibu, kisugue kwa mswaki, kirudishe pamoja na washa yake. Mchanga wa tangi na vipande vya tepu nyeupe hukwama hapo, na kazi hii ya dakika 10 huponya hita nyingi. Washa ikiwa imekakamaa, weka mpya. Usijaribu kuziba kwa kuikaza nati kwa nguvu, utapasua uzi wa shaba, ile mikato inayoishika nati.

Kubadilisha dayaframu

Hiki ndicho kipuri kinachochoka kuliko vyote, hasa kwenye maji ya kisima yenye chumvi na maji ya mtaa yenye klorini nyingi. Nitakieleza kwa utulivu.

1. Vuta vishikio vya mbele, vingi havina skrubu. Toa skrubu za kifuniko, kinyanyue. Kama kina kioo cha kuonyesha joto, chomoa plagi ya waya wake kwanza. Piga picha ya kila ulichokikuta ndani, hasa njia za waya.

2. Tafuta valvu ya maji, pale maji baridi yanapoingia. Ni kitu cha mviringo chenye vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa skrubu kuzunguka ukingo. Upande mmoja imeshikana na valvu ya gesi. Weka beseni chini.

3. Kwenye aina nyingi unaweza kutoa kipande cha nje pekee. Kwenye nyingine ni lazima utoe swichi ndogo, ulegeze nati ya bomba linalopanda kwenye shaba, kisha utoe skrubu zinazouunganisha mwili wa maji na wa gesi. Ukiona hautoki bila kufungua nati ya bomba la gesi, simama hapo umwite fundi.

4. Legeza skrubu za ukingo kwa kupishanisha, huku na kule, kidogo kidogo. Kuna springi ndani, kwa hiyo shika kipande kwa mkono mwingine kisiruke.

5. Toa mpira na uutazame ukiwa umeuelekeza kwenye mwanga, ukiuvuta kidogo kwa vidole. Tundu dogo kiasi cha ncha ya sindano linatosha kuizuia hita isiwake, kwa sababu shinikizo la pande mbili linalingana na mpira hausogei. Mpira uliovimba, uliokakamaa au uliopoteza umbo nao haufai. Usiuzibe kwa gundi ya tyubu.

6. Safisha chumba chake. Kuna kijitundu chembamba kinachounganisha upande mmoja wa mpira na koo la maji. Kikiziba, dayaframu mpya nayo haitafanya kazi. Kizibue kwa kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, halafu kipulize.

7. Itazame pini. Inapaswa kuteleza kwa kidole bila kukwama na kurudi yenyewe. Kama zamani ulikuwa unaona matone yakidondoka karibu na swichi ndogo, kioringi kinachoizunguka pini hii kimechoka. Kibadilishe sasa na ukipake grisi ya silikoni kidogo sana.

8. Nenda dukani na mpira wa zamani mkononi. Lazima kipenyo, unene, idadi ya matundu na umbo la kisahani cha katikati vilingane. Mpira uliozidi kidogo ukaukunja ili uingie utavuja au kukwama.

9. Weka mpya kwa uelekeo uleule, kisahani kikiitazama pini, matundu ya mpira yakikaa juu ya matundu ya mwili. Pitisha kidole kuzunguka ukingo uhakikishe hakuna mkunjo.

10. Rudisha springi na kipande cha juu, kaza kwa kupishanisha. Mwili ukiwa wa aluminiamu au plastiki, uzi unaisha haraka, kwa hiyo kaza hadi kubana na uishie hapo.

Sasa fungua maji pekee, gesi ikiwa bado imefungwa, ukae dakika 5 ukitazama kama kuna tone. Pakiwa pakavu, weka betri. Fungua bomba la maji ya moto, cheche zisikike. Lifunge zikiwa bado zinalia, na zinyamaze papo hapo. Kwa jaribio hili unajua kwamba mpira, pini na swichi vinashirikiana, na hujahatarisha chochote.

Cheche zisiposikika ingawa pini inasogea, isogeze swichi ndogo kwa kidole upande ambao pini ingeisukuma. Zikisikika, swichi ni nzima na kinachotakiwa ni kuirekebisha ikae sawa. Zisiposikika, nunua swichi nyingine kabla ya kukilaumu kiboksi cha cheche, kwa kuwa swichi ndiyo ya bei ndogo na ndiyo inayoingiwa na maji.

Elektrodi

Zipo mbili, zimesimama juu ya vichomeo zikiwa na shingo nyeupe za kauri. Moja inatoa cheche, nyingine inahisi moto. Zifute masizi kwa msasa laini hadi chuma kionekane. Ncha ya cheche ikae kati ya milimita 3 na 5 kutoka kwenye kichomeo, na ya kuhisi iwe ndani ya mwali wenyewe. Kauri ikiwa na ufa, badilisha elektrodi nzima, kwani cheche itapita kwenye ufa na kuishia kwenye bati.

Chumvi ndani ya shaba

Juu ya vichomeo kuna sehemu ya shaba yenye mapezi membamba, mafundi wengi huiita rejeta. Maji ya kisima kirefu huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba yake. Utaujua kwa mtiririko uliopungua upande wa moto peke yake, na kwa sauti ya kunguruma maji yanapochemka ndani ya bomba lililozibika.

Fungua mabomba ya kuingia na kutoka kwenye rejeta yenyewe, ili dawa isipite kwenye valvu ya maji na kula mipira yake. Changanya gramu 250 za asidi ya sitriki, ule unga wa watengeneza jamu, katika lita 5 za maji ya uvuguvugu. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji nayo inafaa, ila inachukua muda mrefu zaidi. Vaa glovu na ulinde macho. Kwa pampu ndogo, izungushe dawa ndani kwa dakika 30 hadi 60. Bila pampu, funga mpira mmoja wenye faneli ulioinuliwa juu ya hita, jaza, acha dakika 30, mwaga, rudia hadi povu likome. Suuza kwa maji safi mengi. Asidi ya betri au ya kusafishia vyoo usiikaribishe hapa hata ukiambiwa ni ya haraka. Inakula shaba yenyewe na utabaki na rejeta yenye vitundu.

Masizi na vichomeo

Rangi ya moto ndiyo cheti cha hita. Unapaswa kuwa wa bluu, mfupi, uliotulia. Chembe za rangi ya chungwa zinazopita haraka ni vumbi tu. Ndimi ndefu za njano zinazolamba shaba ni dalili ya hewa kukosekana na sumu kutengenezwa.

Piga brashi mapezi ya rejeta kutoka juu kwenda chini, ukifunika vichomeo kwa kitambaa. Kisha shika tochi uchungulie kwenye midomo ya vichomeo, pale hewa inapoingia. Buibui hupenda kutaga humo, na utando mmoja unatosha kuugeuza moto bluu kuwa njano. Puliza kwa hewa au tumia brashi laini. Nozeli zenyewe usizichokonoe kwa sindano wala waya. Tundu lake limepimwa, na ukilipanua gesi itazidi kipimo. Hita ikiendelea kutoa moto wa njano baada ya usafi huu, kazi imetoka mikononi mwako.

Mtungi, regyuleta na mpira wa gesi

Regyuleta iwe ya shinikizo dogo, milibari 28 hadi 30. Zile za shinikizo kubwa za majiko ya mama lishe na mikahawa haziruhusiwi kabisa hapa, hata kwa dharura ya asubuhi moja.

Ukubwa wa mtungi nao una maana. Hita ya lita 6 inakula karibu kilo 0.9 za gesi kwa saa, na ya lita 10 karibu kilo 1.5. Mtungi wa kilo 6 haumudu kuivukiza gesi kwa kasi hiyo kwa muda mrefu. Unapoa, unatoa jasho, shinikizo linashuka na moto unadhoofika katikati ya kuoga, halafu mwenye hita anaanza kufungua skrubu zisizo na kosa. Tumia wa kilo 15, au wa kilo 13 kwa walioko Kenya. Usimame wima, nje, mbali na shimo au mfereji, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Usiupashe joto wala kuulaza ili umalizike.

Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi, na uukunje kidogo kwa vidole. Ukiwa na nyufa, au umelainika kama umelowa mafuta, ubadilishe pamoja na klipu zake. Kisha fungua gesi, hita ikiwa imezimwa, upake maji ya sabuni kila kiungo. Povu likikua, funga gesi, rekebisha, rudia. Kibiriti si chombo cha kupimia uvujaji. Ukisikia harufu ya gesi ndani ya nyumba, usiguse swichi yoyote ya umeme. Fungua milango, toka, na ukiwa Tanzania piga 114 Zimamoto ukiwa tayari nje.

Kuwasha tena

Rudisha kifuniko, fungua maji, na usimame pembeni, uso wako usiwe mbele ya kitundu cha kutazamia. Moto ushike ndani ya sekunde chache bila mshindo. Tazama rangi kwa dakika nzima. Halafu funga maji ghafla, moto uzime papo hapo. Ukichelewa kuzima, pini inakwama, na hita inayowaka bila maji kupita itaunguza rejeta yake au itoe mvuke wa kuunguza mtu. Funga gesi kwenye mtungi na usiitumie tena hadi valvu hiyo ifunguliwe upya.

Chujio na betri vikaguliwe kila baada ya miezi 3, masizi na vichomeo mara moja kwa mwaka. Chumvi inategemea maji yako. Kwa kisima kikali, kila miezi 6 si mapema.

Rejeta ikianza kutoa matone yenye alama ya kijani, imetoboka. Uliza bei yake kabla ya kuamua, kwa sababu mara nyingi inakaribia ya hita nzima. Ukiamua kununua nyingine, hasa ya mtumba, soma kibati cha ubavuni. Hita za China za gesi ya mtungi huandikwa 20Y na 2800 Pa. Zilizoandikwa 12T na 2000 Pa ni za gesi asilia. Nozeli zake ni pana zaidi, na ukiziunganisha na mtungi zitatoa gesi kupita kiasi. Kibati kikiwa kimebanduliwa, iache dukani.